Kuwa mhandisi ujenzi kusini: njia nzima ya kijana wa Mtwara au Lindi

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo. Mabasi yakalala njiani, malori yakapanga foleni, na mwenye haraka akalazimika kuzunguka kwa Songea na Tunduru. Tukio la namna hiyo humwachia mhandisi ujenzi maswali mawili kwa mpigo: magari yapite vipi kesho asubuhi, na kijengwe nini hapo ili mvua kama ile ikirudi isikibebe. La kwanza hujibiwa kwa mawe, kijiko cha kuchimbia, greda na kukesha. La pili hujibiwa kwa hesabu, na kuruhusiwa kulijibu kunachukua karibu miaka kumi baada ya kidato cha nne.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayetaka kufika huko, mzazi anayelipa, na fundi sanifu anayejiuliza kama arudi shule. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kusini, mhandisi hupimwa kwa namna anavyojua maji na udongo wa kwao, na sheria humpima kwa namba ya usajili. Digrii iko katikati tu ya hayo mawili.

Jua kwanza unaomba kazi gani

Mtaani kila anayevaa kofia ngumu huitwa injinia. Saiti yenyewe ina watu wengi tofauti. Fundi mwashi na fundi nondo hujenga. Fundi sanifu, mwenye diploma, yupo na kazi kutwa: anapima, anakagua, anajaza fomu. Msanifu majengo huamua jengo litumike na lionekane vipi. Mkadiriaji majenzi huhesabu gharama na kupima kazi iliyofanyika ili malipo yatoke. Mpima ardhi hutoa mipaka na mwinuko. Mkandarasi ni kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, na mwenye kampuni anaweza kuwa mhandisi au asiwe.

Mhandisi ujenzi ndiye anayebeba swali la kama kitu kitasimama. Nguzo iwe nene kiasi gani, nondo ziwe ngapi na za milimita ngapi, barabara iwe na matabaka mangapi, bomba liwe la kipenyo gani, maji ya mvua yapitie wapi. Fani ina matawi: majengo, barabara na madaraja, maji na majitaka, bandari, udongo na misingi. Kwa Mtwara na Lindi, kazi nyingi za kila mwaka ni barabara na maji. Majengo yapo, ila mengi ni madarasa, zahanati na nyumba za watumishi zenye ramani zinazojirudia. Anayeota maghorofa marefu ajue ndoto hiyo iko Dar.

Kama jua, vumbi na kubishana na watu wazima kuhusu ubora wa mchanga si mambo yako, ukadiriaji majenzi ni fani nzuri na inalipa. Nasema bila kejeli.

Shuleni: masomo mawili yanayoamua

Hisabati na Fizikia. Kemia inasaidia, Jiografia inasaidia, Kiingereza utakihitaji kwa sababu chuo kizima kinafundishwa kwacho, lakini mlango hufunguliwa na hayo mawili. Mtwara ina Shule ya Sekondari ya Ufundi, mojawapo ya shule za ufundi za siku nyingi nchini, na anayesoma huko hukutana na uchoraji wa kihandisi na karakana mapema. Si lazima upitie hapo. Shule ya kata inatosha kama mwalimu wa Hisabati yupo. Kama hayupo, tafuteni wa kuwafundisha kwa kikundi, kwa sababu pengo la aljebra la kidato cha pili halizibiki chuoni.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, tahasusi ya kulenga ni PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. PGM, yenye Jiografia badala ya Kemia, nayo inakufikisha. EGM haina Fizikia na PCB haina Hisabati ya juu, kwa hiyo zote mbili zinakutoa kwenye reli. Ukipangiwa tahasusi usiyoitaka, shughulikia kubadili mara moja, usisubiri ufike shuleni ukidhani mkuu wa shule atakuonea huruma.

Njia mbili za kufika digrii

Ya kwanza ni kidato cha sita kisha chuo kikuu. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa juu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa uhandisi ujenzi masomo hayo ni Fizikia na Hisabati ya juu. D mbili zinakupa haki ya kuomba. Ushindani ndio utakaosema kama utapata. Uhandisi ujenzi kwenye vyuo vikubwa huwa na waombaji wengi, kwa hiyo lenga C kwenda juu.

Ya pili ni diploma. Unamaliza kidato cha nne ukiwa na ufaulu wa angalau masomo manne, Hisabati na Fizikia zikiwemo, unaomba chuo cha ufundi kilicho chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, unasoma miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6, unatoka fundi sanifu. Ukiwa na GPA ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba digrii.

Watu huuliza ipi bora. Kwa miaka, kidato cha tano na sita pamoja na digrii ni sita. Diploma pamoja na digrii ni saba. Tofauti ni mwaka mmoja tu, na mwenye diploma anapata kitu ambacho wa kidato cha sita hana: cheti kinachoweza kumlisha katikati ya safari. Anajua kushika mashine ya kupimia mwinuko, anajua kusoma ramani, anajua zege kwa mikono. Ninamshauri kijana ambaye nyumbani hakuna uhakika wa fedha achukue diploma kwanza, afanye kazi kidogo, kisha arudi. Kwa mwenye kichwa chepesi cha Hisabati na mzazi anayeweza, kidato cha sita ndiyo barabara fupi. Upungufu wa njia ya diploma ni mmoja: wengi wakifika mwaka wa kwanza wa digrii hupigwa na Hisabati, wakati wenzao wa PCM wanaiona ya kawaida. Jiandae kwa hilo kabla hujaripoti.

VETA Mtwara na VETA Lindi zipo kwa anayetaka kuanza na ufundi wenyewe, uashi au bomba. Mwashi aliyefika digrii huwa mhandisi wa kuogopwa saitini, maana hadanganywi. Njia ni ndefu lakini ipo.

Chuo kipi

Kwa digrii utasafiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu 1973. Kwa Dar hiyohiyo kuna Chuo Kikuu Ardhi na Taasisi ya Teknolojia, DIT, iliyoanza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi na hadi leo inatoa diploma na digrii. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, Arusha kuna Chuo cha Ufundi, Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Kwa anayejua tayari kwamba anataka maji, Chuo cha Maji Ubungo kinamfaa.

Kabla hujalipa ada popote, hakikisha mambo mawili. Chuo na programu viwe kwenye orodha ya TCU au NACTVET ya mwaka huo, na digrii hiyo iwe inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. La pili husahaulika, na ndilo linalouma zaidi, kwa sababu unaligundua baada ya miaka minne. Uliza bodi, wala si wakala wa chuo.

Fedha

Mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HESLB, huombwa mtandaoni kila mwaka, na dirisha hufunguliwa kwa muda maalumu. Kinachowaangusha watoto wa kusini mara nyingi ni karatasi: cheti cha kuzaliwa kisicho na uhakiki wa RITA, jina la mzazi linalotofautiana kati ya vyeti, cheti cha kifo kisichopatikana. Anza kuzikusanya ukiwa kidato cha sita, kabla ya mtihani.

Kwa familia za korosho kuna tatizo la kalenda. Vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba, na minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza. Mkulima ameshapeleka mzigo kwenye chama cha ushirika, AMCOS, ila fedha haijaingia akauntini. Zungumzeni nyumbani tangu msimu uliopita, mtenge fungu la ada kabla pikipiki haijanunuliwa. Vyuo vingi hukubali ada kwa awamu ukiomba mapema na kwa maandishi.

Miaka minne ya chuo

Utasoma Hisabati, umakanika wa yabisi na maji, nguvu za vifaa, uchambuzi wa miundo, zege lenye nondo, chuma, udongo na misingi, barabara, haidrolojia, usambazaji maji, upimaji, usimamizi wa mikataba. Wanafunzi hupenda miundo kwa sababu inaonekana ya kijanja. Mimi ningemwambia wa Mtwara asinzie kwingine kote, ila akae macho kwenye udongo na haidrolojia.

Jifunze AutoCAD ya kuchorea vizuri, Excel vizuri zaidi, na QGIS, programu ya ramani, kwa sababu ni ya bure na itakusaidia kujua eneo linaloleta maji kwenye kalavati. Kisha pakua miongozo ya Wizara ya Ujenzi. Mwongozo wa usanifu wa matabaka ya barabara wa mwaka 1999 umetumika maofisini kwa miaka mingi. Humo utakutana na lugha utakayoisikia saitini kila siku: G15, G45, G60, yaani madaraja ya moramu kwa CBR yake, kipimo cha nguvu ya udongo kubeba mzigo. Mhitimu anayejua vitabu vya Uingereza lakini hajui G45 ni nini huonekana mgeni siku ya kwanza.

Fildi

Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu ni nusu ya elimu yako. Rudi nyumbani uyafanyie huku, usibanane Dar na wenzako mia kwenye saiti moja. Mikoa yote miwili ina ofisi za wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, ina wakala wa maji vijijini, RUWASA, na mamlaka za maji, na halmashauri zina idara zenye wahandisi. Bandari ya Mtwara na kiwanda cha saruji cha Dangote ni vya kujaribu pia.

Peleka barua ya chuo mapema, miezi miwili au mitatu kabla, na uifuate mwenyewe. Ukipokelewa, omba upelekwe maabara ya udongo kwanza, hata kwa wiki mbili. Ni sehemu isiyopendwa, kwa hiyo utapewa kazi halisi: kuchekecha mchanga, kutafuta unyevu, kushindilia sampuli, kuvunja michemraba ya zege. Halafu nenda saiti. Beba daftari lako, andika kila siku na chora. Shikamoo kwa fomeni kila asubuhi haikupunguzii chochote, na ndiyo inayofanya akuite pembeni kukuonyesha jambo ambalo halimo kwenye ramani.

Kusajiliwa

Hapa ndipo wengi hulala. Sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, inakataza mtu kufanya kazi ya uhandisi au kujiita mhandisi bila kusajiliwa na ERB. Ukishapata cheti cha digrii, usisubiri ajira: jisajili kama mhandisi mhitimu. Ni ngazi ya kuanzia, na saa ya kuhesabu uzoefu wako inaanza hapo.

Baada yake ni miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, wa fani yako. Bodi inaendesha mpango uitwao SEAP tangu 2003, unaowapanga wahitimu kwenye miradi na kuwapa posho. Nafasi huwa chache kuliko waombaji, ila omba. Wahandisi wanawake waliwahi kupata ufadhili wa Norway ndani ya mpango huu, kwa hiyo binti aulize bodi kuna nini kwa mwaka wake. Usipopata SEAP, tafuta mwajiri ambaye ndani yake kuna mhandisi mtaalamu, na umwombe rasmi awe msimamizi wako.

Kisha kitabu cha kumbukumbu za kazi. Kijaze wiki kwa wiki na kitiwe saini wakati huohuo. Msimamizi akihamishwa Kigoma, saini za mwaka mzima uliopita utazipata kwa shida. Na andika kama mhandisi. "Nilisimamia zege" haimwambii msomaji kitu. Andika hivi: zege la nguzo za mstari B, daraja C25, mita za ujazo 3.2, slampu (kipimo cha ulaini wa zege) milimita 75, michemraba sita imechukuliwa, mvua ilianza saa tisa alasiri, tukafunika kwa turubai. Mtu akisoma hayo anajua ulikuwepo.

Miaka mitatu ikitimia unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu, unawasilisha ripoti ya kiufundi ya kazi uliyoifanya, na unaitwa kwenye usaili. Wanaokaa mbele yako wamejenga. Watauliza kwa nini ulichagua msingi huo na hukuchagua mwingine. Ukifaulu unapata namba na muhuri, na unakula kiapo cha kitaaluma. Kuanzia hapo saini yako kwenye mchoro ni dhamana: jengo likianguka, jina la kwanza kutafutwa ni lako. Kuna ada ya kila mwaka na mafunzo endelevu ya kuhudhuria ili ubaki kwenye daftari. Baadaye, ukiwa na uzoefu zaidi, unaweza kupanda hadi mhandisi mshauri.

Mwenye diploma naye husajiliwa na bodi hiyohiyo, kama fundi sanifu. Asijione yuko nje.

Kazi yenyewe: maji na udongo wa kusini

Anza na ardhi. Uwanda wa Makonde, kuanzia Tandahimba hadi Newala, umefunikwa na mchanga mwekundu unaomeza maji. Mvua inanyesha, baada ya saa moja ardhi ni kavu. Kwa barabara ya vumbi hii ina maana mbili. Kiangazi magari yanazama kwenye mchanga, na masika mtaro wa pembeni unageuka korongo, kwa sababu mchanga huo haushikani. Dawa ni kutoyaacha maji yatembee mbali ndani ya mtaro: toa maji pembeni kila baada ya mita chache kulingana na mteremko, weka vizuizi vya mawe mtaroni ili kupunguza kasi, na pale penye mteremko mkali jengea mtaro kwa mawe na saruji. Nimeona barabara ikichongwa vizuri kwa greda kila mwaka mahali pamoja na kila mwaka mtaro ukila nusu ya barabara. Fedha ya mara tatu ya greda ingejenga mtaro.

Shuka mabondeni na kwenye mbuga, hasa ukanda wa Rufiji hadi Somanga, ukutane na udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi una nyufa unazoweza kuingiza mkono. Masika unavimba na kunata. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilichelewesha lami ya kusini kwa miaka mingi. Usijenge juu ya udongo huu ukijifanya hujauona. Ondoa na ujaze mwingine kama si wa kina sana. Kama ni wa kina, inua tuta, panua mabega ya barabara, peleka mitaro mbali na tuta ili unyevu chini ya lami usibadilikebadilike. Kwa nyumba, msingi mwembamba wa matofali juu ya udongo mweusi utapasuka. Hiyo si dua mbaya, ni tabia ya udongo.

Kabla ya yote hayo, pima. Kuna chuma cha DCP kinachopigwa ardhini kwa nyundo inayoanguka, unahesabu milimita kwa kila pigo, unapata makisio ya CBR mchana huohuo. Ni rahisi, kinabebeka kwenye bodaboda, na kinaokoa mamilioni.

Sasa kalavati. Hesabu ya awali ya mto mdogo ni hii: zidisha sehemu ya mvua inayotiririka, ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na eneo kwa hekta, kisha gawa kwa 360. Chukua bonde la hekta 40 lenye mashamba na nyumba chache, sehemu inayotiririka ikiwa 0.4, mvua ya milimita 60 kwa saa. Unapata mita za ujazo 2.67 kwa sekunde. Bomba la milimita 900 maji yakipita kwa mita 2 kwa sekunde linabeba kama 1.27. Mawili hayatoshi kidogo, matatu yanatosha, boksi la mita 1.5 kwa 1.5 linatosha na linabakiza nafasi ya magogo na matope, ambayo hesabu haiyaoni. Ukiambiwa "weka bomba moja, bajeti ndogo", hesabu hiyo ndiyo utakayoiweka mezani. Na waulize wazee wa kijiji maji yalifika wapi mwaka ule mbaya. Watakuonyesha alama kwenye mti.

Pwani adui ni chumvi. Mchanga wa baharini na maji ya kisima cha chumvi vinaingiza kloridi kwenye zege, nondo zinaota kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande. Tumia mchanga wa mtoni au machimbo ya bara, maji ya kunywa, na ufunike nondo kwa zege la milimita 50 upande unaopigwa na upepo wa bahari. Kilwa Kisiwani kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama karne nyingi kando ya maji hayohayo, na sababu moja ni kwamba ndani yake hakuna chuma cha kuliwa. Sisi tumeamua kutumia chuma, basi tukifiche vizuri. Kokoto nazo: ukanda wa pwani una mawe laini ya matumbawe na chokaa, majabali magumu yako upande wa Masasi. Usafiri huo uwemo kwenye makadirio tangu siku ya kwanza.

Halafu maji ya kunywa. Kwa kuwa uwanda unameza mvua, chemchemi na visima vya kutegemewa viko chini, na maji hupandishwa, kama yanavyotoka Mitema kwenda Newala. Kupandisha mita za ujazo 100 kwa saa hadi kimo cha mita 300, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65, kunataka kama kilowati 126 mfululizo. Ankara ya umeme ndiyo inayoua miradi ya namna hii, kwa hiyo mhandisi wa maji huku hupigania upotevu wa maji kwenye mabomba kuliko kuongeza pampu. Na usidharau visima vya kuvunia mvua vya nyumba za Newala. Paa la mita za mraba 80 kwenye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 ya kupotea, linatoa mita za ujazo 57.6.

Saitini na watu

Mazungumzo haya utayasikia kabla ya mwezi wa kwanza kuisha:

"Injinia, zege limekuwa gumu, vijana wanachoka. Tuongeze ndoo moja ya maji?"

"Fundi, maji ya mfuko huu yamekwisha. Niletee vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, na vijana wapokezane. Maji hapana."

Jibu hilo lina hesabu nyuma yake. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 unataka lita 25, ndoo moja ya lita 20 na robo yake, ukitoa unyevu uliomo mchangani. Ukiongeza lita 10, uwiano unakuwa 0.7 na nguvu inashuka vibaya, ingawa siku hiyo zege linaonekana laini na la kupendeza. Kataa kwa sauti ya chini, usimwaibishe fundi mkuu mbele ya vibarua, na uwe umeleta suluhisho mkononi. Baada ya kumwaga, mwagilia siku saba bila kukosa. Jua la huku halisamehe.

Hesabu nyingine ya kuwa nayo kichwani ni ya saruji. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la darasa la mita 7 kwa 9, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 6.3. Kwa kilo 320 kwa kila mita ya ujazo unahitaji kama mifuko 40. Jioni ukikuta mifuko mitupu 30, jamvi ni jembamba, au mchanganyiko hafifu, au mifuko kumi imepata nyumba nyingine. Kwenye kazi za shule zinazoendeshwa na kamati za kijiji kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, hesabu hii ifanye mbele ya kamati, kwa Kiswahili, na waandike kwenye daftari lao.

Ajira na kampuni yako

Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal. Weka vyeti vyako humo mapema na hakiki majina. Usikatae kazi ya muda kwa mkandarasi mdogo wa Nachingwea au Liwale kwa kuona aibu. Utakuwa mhandisi pekee pale, kwa hiyo utafanya kila kitu: upimaji, makadirio, maombi ya malipo, kutuliza wanakijiji ambao mkorosho wao umeguswa na greda. Fidia ya mkorosho ni jambo zito huku. Usiruhusu mashine iguse mti kabla ya tathmini kuandikwa.

Ukitaka kampuni, CRB husajili makandarasi kwa madaraja saba, la saba likiwa la kuanzia. Zabuni za umma zote hupita mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, NeST, na sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo. Kabla ya kuweka bei ya kalavati yako ya kwanza, kumbuka kwamba mteja hulipa baada ya kazi kupimwa, hati ya malipo huchukua muda kuzunguka, na sehemu ya fedha yako hubaki kwake hadi kipindi cha matazamio kiishe. Vibarua hawangoji hati. Mwenye mtaji wa kulipa mshahara wa mwezi mmoja tu aombe kazi ya mwezi mmoja, na aimalize kabla ya mvua za Desemba.